Nyumba za Nyuma ya Shule

Bwana Vyumba alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta, mikono nyuma, tumbo mbele, kijiti cha meno kikicheza pembeni mwa mdomo. Alitazama dari lenye madoa ya mvua kama mtu anayepima kituo cha polisi kingeuzwa bei gani.

"Nimekuja kwa miguu yangu," alisema. "Mtu mwenye hatia haji kwa miguu yake."

"Umeletwa na gari la polisi."

"Lakini sikubebwa."

Koplo, aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango akiandika maelezo, alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na wenzake walimwita Msumari. Jina hilo alilijua, na hakuwahi kulikataza.

"Alhamisi ulimtukana mwalimu mkuu kwenye lango la shule," alisema. "Watu walikusikia ukimwambia atakiona cha mtema kuni. Jumamosi jioni akakutwa amekufa chini ya jengo jipya la madarasa. Nieleze."

"Alianguka. Mji mzima unajua alianguka."

"Mji mzima haukumvua shati."

Kweli, mwanzoni kila mtu alisema ni ajali. Jengo lilikuwa halijaisha, ghorofa ya juu haina ukuta wa kumzuia mtu, na marehemu alikuwa na mazoea ya kupanda huko kukagua kazi ya mafundi. Lakini daktari wa hospitali alikuta alama za vidole juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, na mkono wa shati upande huohuo ulikuwa umeng'oka kwenye mshono wa bega. Mtu anayeteleza peke yake hajikamati mwenyewe kiasi hicho.

Bwana Vyumba alikitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha.

"Sikiliza, afande. Mimi ni mkorofi, hilo sikatai. Muulize hata mke wangu. Lakini mimi si mjinga. Nyumba zangu zote ziko kwenye kivuli cha shule ile. Chukua nyumba ileile, matofali yaleyale, choo kilekile, uivushe ng'ambo ya barabara kuu, itakaa tupu mpaka popo wahamie. Pale nyuma ya shule wazazi wanapigana vikumbo kuipata. Hawapangi nyumba wale. Wanapanga dawati la mtoto."

"Ndiyo maana uliwaahidi wapangaji nafasi za shule ambazo si zako."

"Niliwaahidi, ndiyo. Akakataa kuwapokea watoto, ati madarasa yamejaa. Nikampandishia sauti. Sasa nitamuua vipi mtu anayenijazia nyumba? Nani anachoma duka lake mwenyewe?"

"Na kama angehama?"

Kijiti kikasimama.

"Ahame? Nani kasema anahama?"

Inspekta alimtazama tu. Uso wa Bwana Vyumba ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayepapasa mfuko aliokuwa na uhakika nao. Kisha, bila kuombwa, akavuta kiti alichokikataa na kukaa.

"Ijumaa nimenunua nyumba nyingine pale," alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa hii iliyopita. Ile ya kona, yenye geti la kijani. Afande, niambie unanitania."

"Nenda nyumbani. Usisafiri."

Mlango ulipofungwa, Koplo akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mzima, miezi michache tu kabla ya kustaafu, na hakuwa na desturi ya kumwamini mtu.

"Anaigiza yule."

"Uso unaweza kuigiza," Inspekta alisema, akichukua funguo za gari. "Twende tukaone kama kweli kanunua. Anayejua mwalimu mkuu anaondoka hanunui nyumba pale."

Habari ya uhamisho aliipata asubuhi ileile kwa mwalimu mkuu msaidizi, tena kwa kumbana. Marehemu alikuwa amepewa shule mpya upande wa pili wa mji, na mwisho wa muhula angeondoka na walimu wake wa hesabu na sayansi, wale waliolifanya jina la shule. Jambo hilo lilikuwa halijatangazwa. Alijua msaidizi, na wakajua watu wa nyumbani kwa marehemu.

*

Dalali wa mtaa alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, ukutani picha za nyumba zimebandikwa zikapandana. Alipoona sare ya Koplo, alianza kuongea na simu iliyokuwa imezimwa.

"Malizia na huyo hewa wako," Inspekta alimwambia. "Nataka kujua nani kanunua na nani anauza nyuma ya shule."

"Mambo ya wateja wangu ni siri, mama."

"Mimi si mama yako. Na leseni yako hapo ukutani imekwisha tangu mwaka jana."

Dalali aligeuka akaitazama leseni kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Akaweka simu chini.

"Bwana Vyumba kanunua ya kona. Ijumaa. Nilikuwepo."

"Na anayeuza?"

"Pale?" Dalali alicheka kwa dharau. "Hakuna mtu mwenye akili anayeuza pale. Mpangaji akitoka asubuhi, mchana yuko mwingine na godoro lake mlangoni. Watu wanarithishana zile nyumba kama..."

"Kama nini? Endelea."

"Yupo mmoja." Alikuna shingo. "Mama Mapazia. Alikuja mwanzoni mwa wiki iliyopita, anataka kuziuza zote tatu, na wapangaji wakiwa ndani. Haraka. Nikamwambia, dada, subiri matokeo ya mitihani yatoke, watu watakuja wenyewe wakitoa ndimi nje. Akaniambia nifanye kazi yangu, ushauri niwape watoto wangu. Sikubishana naye. Yule mama ulimi wake wembe."

Inspekta na Koplo hawakutazamana. Mama Mapazia walimjua. Walikutana naye Jumapili kwenye msiba, amekaa pembeni ya mama yake mzee, macho makavu. Alikuwa dada wa marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja. Mama yao alikuwa akiishi kwake. Yeye ndiye aliyewaambia polisi, kabla hawajamuuliza, kwamba kaka yake alikuwa akipenda kupanda kwenye lile jengo peke yake, na kwamba alimwonya mara nyingi. Alisema mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ijumaa, alipokuja kumsalimia mama.

"Alipata mnunuzi?" Inspekta aliuliza.

"Alipata. Daktari wa meno, yule wa jengo la posta. Mtu wa uhakika. Tulikuwa tumeshakubaliana kila kitu, imebaki kutia sahihi. Jumamosi mchana ananipigia: amebadili mawazo. Kwa nini? Amebadili mawazo. Nyumba ina kasoro? Amebadili mawazo. Kama kasuku."

"Ukamwambia Mama Mapazia."

"Palepale. Akanikatia simu sikioni."

*

Daktari wa meno aliwaweka wasubiri. Alipowaita ndani, mgonjwa alikuwa bado amelala kwenye kiti, mdomo wazi, nusu ya uso imekufa ganzi, na daktari hakuonyesha dalili ya kuacha kazi.

"Semeni. Huyu hawezi kuwajibu, lakini anasikia, kwa hiyo chagueni maneno."

"Atasubiri nje," Inspekta alisema.

"Nimeshamchoma sindano."

"Ganzi haiishi kwa kutembea."

Mgonjwa alitolewa nje akiwa ameshika shavu. Daktari alivua glavu moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye ndoo, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu bila kuwakaribisha wageni. Jumamosi alikuwa shuleni? Alikuwa. Mlinzi wa lango kuu alikuwa ameshawaeleza polisi kuhusu mgeni mwenye mvi na gari jeupe, aliyeingia asubuhi na kutoka kabla ya saa sita, na baada ya hapo mwalimu mkuu alipita mwenyewe langoni akiwa mzima, akamtania mlinzi kuhusu viatu vyake. Kwa hiyo daktari hakushukiwa, na alilijua hilo, na lilimpa kiburi zaidi.

"Nanunua nyumba za kupangisha," alisema. "Sina aibu nalo. Meno hayatanilisha uzeeni. Na nyumba ya kupangisha, jambo la kwanza ninalotazama si bati wala bomba. Natazama watoto wa pale wanasoma wapi. Mpangaji mwenye mtoto kwenye shule nzuri hahami mpaka mtoto amalize, na mdogo wake amalize. Analipa mapema, anapaka rangi kwa mfuko wake, hata bomba likivuja anaogopa kukusumbua usije ukamkasirikia. Shule ikiharibika, huyohuyo ndiye wa kwanza kupakia kabati kwenye gari. Nimewahi kununua karibu na shule nzuri, mwaka uliofuata walimu wakatawanyika. Ile nyumba sasa hivi nafugia kuku."

"Kwa hiyo ukaenda kumwona mwalimu mkuu."

"Nilimpigia simu kwanza, haikupatikana. Mlinzi akaniambia simu yake iko kwa fundi tangu Ijumaa. Nikaingia. Nikamuuliza swali moja tu: mwakani utakuwepo hapa?"

"Angeweza kukudanganya."

"Angeweza." Kwa mara ya kwanza daktari aliinamisha macho. "Akaniuliza nyumba ni za nani. Nikamwambia simjui mwenyewe, sijawahi kukutana naye, dalali anamwita Mama Mapazia. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidonda. Akasema, huyo ni dada yangu. Kisha akasema, mimi naondoka mwisho wa muhula, na walimu wa hesabu na sayansi nao wanaondoka. Sasa umejua. Tafadhali usinitaje."

"Ukamtaja kwa nani?"

"Kwa nani tena? Mtu amekuokolea mali yako, akakuomba kitu kimoja. Dalali nilimwambia nimebadili mawazo. Hata mke wangu hajui mpaka leo. Nyinyi ndio wa kwanza, na nawaambia kwa sababu amekufa." Akavuta glavu mpya. "Nileteeni mgonjwa wangu."

Kwenye gari Koplo alikaa bila kuwasha injini.

"Mlinzi hakuona mtu mwingine akiingia," alisema.

"Mlinzi analinda lango la mbele. Nyuma kuna mlango mdogo wa bati, unaotokea uani kwa zile nyumba. Watoto wa wapangaji wanapitia hapo."

"Na ufunguo?"

"Kila mwenye nyumba anayepakana na ukuta anao. Washa gari. Tupitie kwa fundi simu, kisha dukani kwa Mama Mapazia."

*

Duka la mapazia lilikuwa refu na jembamba, vitambaa vimening'inia kutoka kwenye fimbo za chuma pande zote mbili, mtu akipita katikati anaguswa mabegani na kila rangi. Mwishoni, mbele ya mlango wa kuingilia nyumbani, Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani. Hakunyanyua kichwa.

"Nimefiwa," alisema. "Kama mnataka mapazia, njooni wiki ijayo. Kama mnataka maneno, yalikwisha Jumapili."

"Umefungua duka lakini," Inspekta alisema.

"Kwani nikifunga atafufuka?"

"Unauza nyumba zako za nyuma ya shule. Hukutuambia."

"Hamkuniuliza. Ni jasho langu na jasho la marehemu mume wangu. Nikitaka nitaziuza, nikitaka nitazibomoa nipande mchicha."

"Kaka yako alikuwa anahama."

"Alikuwa anahama, ndiyo. Alitangaza hapo ndani, mbele ya mama, huku anamega mkate, kana kwamba anasema kesho kutanyesha." Cherehani ilinguruma, ikatulia. "Nilipozinunua zile nyumba alinikataza. Alisema shule si mali ya ukoo. Sawa. Nimekosa. Sasa mnanikamata kwa kumkosea adabu kaka mkubwa?"

Koplo alikuwa amesimama karibu na mlango wa mbele, kimya, kama mteja anayechagua kitambaa. Inspekta alisogea, akaegemea meza ya kukatia.

"Nimezungumza na dalali," alisema. "Anasema kosa ni la nyumba zenyewe. Mnunuzi alizikuta zina nyufa, akakimbia. Anasema kuta zimekwisha, ulizipaka rangi ya kudanganya macho."

Mama Mapazia aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Nyufa! Nyumba zangu mimi? Huyo mwizi amesema hivyo? Zile kuta hazina ufa wa kupitisha hata wembe! Mnunuzi hakukimbia nyufa, alikimbizwa! Kaka yangu ndiye aliyemkimbiza. Mtu asiyemjua hata kwa sura, ameuliza swali moja tu, akamfungulia kila kitu: mimi naondoka, walimu wangu naondoka nao, nenda zako baba. Mimi, tumbo moja, ziwa moja, nisingeweza kupewa hata miezi mitatu ya kunyamaziwa!"

Alikuwa anahema. Kitambaa alichokuwa akishona kilishuka mezani chenyewe na kujikunja sakafuni.

"Nani alikuambia hayo?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Yapi?"

"Kwamba kaka yako ndiye aliyemwambia mnunuzi."

"Dalali."

"Dalali hajui. Mpaka leo anaamini mnunuzi amebadili mawazo tu. Ya nyufa nimeyatunga mimi."

"Basi... huyo mnunuzi mwenyewe."

"Hamjawahi kuonana. Jina lako hasa halijui."

"Kaka alinipigia simu."

"Simu yake ilikuwa kwa fundi tangu Ijumaa. Tumetoka huko sasa hivi, imefunguliwa vipandevipande kwenye sahani." Inspekta alinyanyua kile kitambaa sakafuni, akakiweka mezani. "Jumamosi asubuhi mnunuzi alizungumza na kaka yako, watu wawili peke yao. Mnunuzi hakumwambia mtu. Anayebaki ni kaka yako. Alikueleza kwa mdomo wake, uso kwa uso, Jumamosi mchana au jioni. Na wewe ulitueleza kwamba mara ya mwisho kumwona ni Ijumaa."

Dukani palikuwa na joto. Mtu alipita nje akipiga mluzi. Mama Mapazia alitazama mlango wa mbele, akamwona Koplo, akaacha kutazama.

"Sikwenda kumdhuru," alisema hatimaye. Sauti yake haikuomba chochote. Ilikuwa bado ya ugomvi. "Dalali aliponiambia, sikujua sababu. Nilikwenda kumwomba. Mimi, kumwomba yeye! Nilitaka akija mnunuzi mwingine amwambie neno jema. Nilipita kwa mlango wa nyuma, nikamwona juu kwenye jengo, nikapanda. Kutoka kule zile nyumba zangu zinaonekana zote. Nikamwonyesha. Nikamwambia, tazama, ile na ile na ile, hayo ndiyo maisha yangu yaliyobaki. Unajua alinijibu nini?"

Inspekta alisogea hatua moja karibu.

"Akasema, daktari alikuja asubuhi nikamwambia ukweli, na atakayekuja kesho nitamwambia ukweli. Kwa sauti ileile ya darasani. Akageuka aende zake. Nikamshika mkono. Akajivuta. Nikamshika tena, nikamtikisa, nilitaka aniangalie tu! Akajivuta, nami nikamsukuma. Kwa hasira. Kama tulivyokuwa tukisukumana tukiwa wadogo, kugombea kitanda." Akashika ukingo wa meza. "Tukiwa wadogo alikuwa anaangukia godoro."

"Ukashuka ukamwona."

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Mama Mapazia aliinama kukiinua kiti kilichoanguka.

"Nimekuuliza kama alikuwa hai."

"Alikuwa anapumua," Mama Mapazia alisema. "Nikaondoka."

Koplo, aliyewahi kuona mengi, alishusha pumzi na kuangalia viatu vyake. Inspekta alitoa pingu. Alipokwisha kumfunga, pazia la mlango wa ndani lilisogea.

Mama yao alikuwa amesimama pale, amejifunga kanga ya msiba, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Haikujulikana alikuwa amesimama hapo muda gani. Macho yake yalikuwa dhaifu, lakini alimtambua Inspekta kwa sauti.

"Mwanangu afande," alisema. "Umempata?"

Koplo alivua kofia yake.

"Nakuuliza. Aliyeniulia mtoto wangu, umempata?"

Inspekta alimgeukia Mama Mapazia. "Mwambie wewe."

"Usinifanyie hivyo," Mama Mapazia alinong'ona. Ugomvi ulikuwa umemtoka wote. "Nichukue tu. Utamwambia baadaye."

"Mwambie."

Yule mzee alisogea hatua, akipapasa vitambaa kwa kiganja, mpaka akafika kwenye meza. Akasikia pingu. Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa binti yake, akauteremkia mpaka kwenye chuma, akakizungusha kidole polepole kama anayetaka kujua kazi ya fundi.

"Wewe?"

"Mama, alinikatalia. Nilimwomba akanikatalia. Zile nyumba..."

"Alikuwa anapumua. Nimesikia umesema alikuwa anapumua."

"Mama."

Mzee aliuachia mkono. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, miguu pamoja, kanga ameikaza kifuani.

"Mchukueni," alisema. "Mchukueni upesi, kabla sijaanza kumwonea huruma."

Wakamtoa katikati ya mapazia, Koplo mbele, Inspekta nyuma. Hakuna aliyethubutu kugeuka kutazama.